Msumari Mahali pa Fyuzi

Trekta lilifika Mugombe Jumatatu asubuhi, taa moja tu ndiyo inayowaka, na Bwana Shamba akatangaza mbele ya watu wote kwamba kabla ya juma kwisha litakuwa linalima mpaka usiku.

"Usiku?" aliuliza Isihaka, dereva, hata hajashuka kitini.

"Usiku na mchana, ndugu. Mvua imekwisha kuanza. Tumepewa siku kumi, baada ya hapo linakwenda Kumsenga. Shamba la kijiji ni ekari mia moja na ishirini. Kilimo cha kufa na kupona, hukusikia redioni?"

Isihaka aliliangalia lile shamba. Lilikuwa pori lililofyekwa kiangazi kilichopita, visiki bado vimejaa, na limeinama kuelekea bondeni. Pembezoni, upande wa chini, vilijipanga vibanda vya nyasi vya watu waliohamishwa kutoka milimani mwezi wa nane, ambao nyumba walizoahidiwa zilikuwa bado ni miti iliyosimikwa ardhini.

"Kwa taa hii moja sitaona hata jembe linafanya nini nyuma yangu," alisema.

"Taa zitaongezwa," akajibu Bwana Shamba. "Fundi tunaye." Akamnyooshea kidole Tharsisi.

Tharsisi Harerimana alikuwa amesimama nyuma ya watu, kama ilivyokuwa desturi yake. Miaka tisa alifanya kazi ya umeme wa magari katika gereji ya Mgiriki mmoja Bujumbura, mpaka mwezi wa tano wa mwaka sabini na mbili, watu walipoanza kuchukuliwa majumbani kwa orodha. Alivuka mpaka kwa miguu pamoja na mkewe, Immakulata, na mtoto wao Uwimana mgongoni. Wenzao wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa makambi ya Tabora. Yeye alibaki, kwa kuwa lugha yake na Kiha cha wenyeji ni kama ndugu wa tumbo moja, na kwa kuwa mzee mmoja wa huko mbele ya kijiji cha Murungu alimpa kipande cha kulima. Vijiji vilipoanzishwa, naye akahamishiwa Mugombe pamoja na wengine. Karatasi hakuwa nayo. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la Bwana Shamba, ukurasa wa nyuma, pamoja na majina mengine manne ya watu ambao wangeweza kupelekwa Tabora siku yoyote ile.

"Unaweza?" Bwana Shamba alimwuliza.

"Naweza, bwana, nikipata vifaa."

"Basi vipate."

Bwana Shamba huyu aliitwa Ildefonsi. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, amepewa ekari za kulima na tarehe ya kuzimaliza, na kila Ijumaa alipaswa kupeleka taarifa bomani Kibondo. Taarifa mbili zilizotangulia zilimrudia zimeandikwa kwa wino mwekundu.

Tharsisi alipanda lori la mihogo mpaka Kasulu. Kwa Khatibu, muuza vipuri wa karibu na soko, alipata waya mita kumi na mbili, swichi moja, na taa nne zilizong'olewa kwenye lori lililopinduka njia ya Kigoma. Mbili zilikuwa na nyufa, lakini balbu zake nzima. Khatibu alipekua makopo yake yote, akatoa fyuzi tatu.

"Ndizo hizo," alisema. "Zikiisha usije kwangu. Tangu Julai sijaletewa hata moja."

Akarudi Jumatano, wakaanza kazi chini ya banda la mabati la ghala. Isihaka alikataa kwenda kupumzika. Alikuwa jitu la mtu, kilo mia na ushei, mzaliwa wa Kasulu mjini, baba yake mtu wa Ujiji. Hakuna dereva aliyemfikia kwa mdomo. Mwaka mzima uliopita, kila trekta lilipopita upande ule, alimletea Immakulata chumvi na kipande cha sabuni kutoka mjini, na alipoulizwa kwa nini, alisema mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni hakubeba chumvi.

"Wewe fundi, huongei?" alimwuliza, ameketi juu ya pipa la dizeli.

"Mikono ikifanya kazi mdomo unapumzika."

"Mimi kinyume. Nikinyamaza trekta linazima."

Tharsisi alicheka. Siku zile mbili alikuwa na furaha ambayo alikuwa ameisahau. Alikata vyuma vya kushikia taa, akavifunga juu ya madigadi ya magurudumu: taa mbili zitazame mbele, mbili zitazame nyuma kwenye jembe la sahani za chuma zenye makali. Alivuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi mahali ambapo mkono unafika kwa urahisi, kisha akaipitisha waya chini ya kiti, akaipandisha kwenye madigadi na kuizungushia vipande vya mpira wa baiskeli kila palipokuwa na ukingo wa chuma. Kila kiungo alikisokota, akakifunga utepe. Mgiriki wake alikuwa akisema kazi ya umeme ni kama kushona nguo ya bibi harusi, haitakiwi nyuzi zionekane. Ijumaa jioni alibonyeza swichi, na taa zote nne zikawaka. Watoto wa vibandani walipiga vigelegele, na akina mama wakatoka kuangalia mwanga mweupe ukifika mpaka kwenye migomba.

Isihaka akapanda, akaketi, akatia gia. Hata mzunguko mmoja hakumaliza. Taa zikazima, ikabaki ile moja ya zamani.

Fyuzi ilikuwa imekatika. Tharsisi akaweka ya pili. Akawasha, zikawaka vizuri, akatikisa kila waya kwa mkono, hazikuzima. Isihaka akapanda tena, akaenda mizunguko miwili, zikazima tena. Tharsisi akatambaa chini ya trekta na tochi, akapapasa waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaweka fyuzi ya tatu na ya mwisho. Hii ilidumu karibu saa nzima, watu wakaanza kutawanyika, kisha katikati ya shamba giza likarudi.

Bwana Shamba alikuja akikanyaga udongo uliopinduliwa, viatu vimejaa matope.

"Nini tena?"

"Kuna mahali waya inagusa chuma, bwana. Shoti. Nipe kesho mchana nifungue yote nitafute."

"Kesho? Nimemwambia Mkuu wa Wilaya tumekwisha lima ekari thelathini. Tumelima ngapi? Kumi na saba." "Nilikutetea, Tharsisi. Walitaka majina ya wakimbizi wasio na karatasi, nikasema huyu ni fundi, huyu tunamhitaji. Sasa nikaseme nini? Kwamba fundi hajui kazi? Lori la Tabora linapita Alhamisi."

Akageuka kwenda kusimama pembeni, akawasha sigara, akasubiri.

Tharsisi alijua la kufanya na alijua kwamba halifanywi. Kazi ya fyuzi ni kukatika. Ndiyo inayojitoa ili waya isiungue. Bujumbura alimwona Mgiriki akimfukuza mtu kazi siku ileile kwa kosa hilo. Aliingiza mkono mfukoni, akapata msumari wa inchi mbili, akaukata kwa koleo, akaupachika mahali pa fyuzi. Ulikaa sawasawa, kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili hiyo. Taa zikawaka.

"Umepata fyuzi nyingine?" Isihaka aliuliza kutoka juu.

"Nimepata."

"Ni salama?"

"Ni salama. Lima."

Na kweli zikawaka usiku ule mpaka saa nne, trekta lilipopumzishwa. Zikawaka Jumamosi. Zikawaka Jumapili. Kila asubuhi Tharsisi aliamka na nia ya kufungua waya na kutafuta ile shoti, na kila asubuhi trekta lilikuwa limekwisha kutoka, kwani mchana nao ulikuwa wa kulima. Jumatatu Isihaka alimwambia, wakinywa uji:

"Taa zako zinakonyeza, fundi. Nikipita kwenye kisiki, zinakonyeza kama msichana wa Ujiji."

"Ni matuta tu," Tharsisi alisema.

Aliyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake. Akaahidi moyoni kwamba kesho, mvua ikinyesha na trekta lisitoke, atafungua. Mvua haikunyesha.

Jumanne saa mbili usiku alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, kisahani cha maharage magotini, Uwimana amelala pembeni juu ya mkeka. Trekta lilikuwa juu kabisa ya shamba, linageuka kuanza kuteremka. Watu wengi walikuwa nje. Siku zile taa za trekta ndizo zilizokuwa tamasha lao. Akaona mwanga umegeuka rangi. Ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano, ukawa mwekundu kama kaa. Kisha chini ya kiti cha Isihaka kukatokea moto. Pale alikuwa ametandika gunia, lililolowa dizeli na grisi ya miezi mingi, na moto ulipolishika ulipanda mara moja mgongoni mwake. Watu walimwona anasimama, anajipiga mapajani. Walisikia ukelele. Taa zote nne, na ile ya tano ya zamani, zikazima kwa pamoja.

Trekta halikuzima. Injini ya dizeli haihitaji umeme ikishawaka, mafuta yanaitosha. Isihaka alikuwa ameshindilia mkono wa kuongezea mafuta mahali pake kama madereva wote wa kulima wafanyavyo, na gia imo. Basi trekta likaja. Ule moto wa gunia ulianguka njiani ukabaki kule juu, unawaka peke yake ardhini, na huku chini kukabaki mvumo tu ndani ya giza. Mtu hakuweza kujua linapita wapi. Mvumo ulijaza bonde lote. Akina mama walianza kuita watoto kwa majina, wengine wakakimbilia kushoto, wengine kulia, wakagongana. Kuna mzee alitoka kibandani akasimama katikati ya njia akiuliza, "Liko wapi? Liko wapi?"

Immakulata alikuwa amekwisha kumnyakua mtoto. Tharsisi hakukimbia nao. Alikimbia kuelekea kwenye mvumo. Alianguka kwenye matuta mara mbili, na mara ya tatu alipoinuka alisikia joto la injini usoni, akajitupa kando, gurudumu kubwa likapita karibu na mguu wake. Akashika madigadi, akaburutwa, akapata pa kukanyaga. Chuma cha kiti kilikuwa kinaunguza. Akapapasa chini ya usukani, akakipata kishikio cha kuzima injini, akakivuta kwa nguvu zake zote.

Kimya kilipoingia, aliona kwamba pua ya trekta imeingia katika ukuta wa nyasi wa kibanda cha kwanza. Ndani mlikuwa na watu sita.

Watu walimzingira, wakamshika mikono, wakamshika kichwa, mwanamke mmoja akapiga magoti mbele yake akisema kwa Kiha kwamba Mungu amzidishie. Kisha sauti ikaita kutoka juu ya shamba: "Huku! Dereva yuko huku!" Wote wakakimbilia huko na vijinga vya moto.

Tharsisi akabaki peke yake na trekta. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alijaribu mara nyingi kulieleza akashindwa. Mkono wake ulikwenda kwenye kifuko cha fyuzi. Msumari ulikuwa bado wa moto, ukamchoma vidole. Akautoa, akautupa mbali kwenye majani ya bondeni. Mfukoni mwake mlikuwa na zile fyuzi tatu zilizokatika. Akachukua moja, akaipachika mahali pa msumari. Ndipo naye akapanda mlima kuwafuata wenzake.

Isihaka alikuwa ameruka kutoka kitini huku anaungua, akaanguka mbele ya jembe. Sahani ya mwisho ilipita juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti. Hakuwa amezimia. Walimfunga kanga, wakambeba kwa machela ya miti hadi barabarani, na lori la mbao likampeleka hadi hospitali ya misheni upande wa Kasulu, karibu na kwao. Njiani kwenye machela alimshika Tharsisi mkono.

"Limeua mtu?" aliuliza.

"Halikuua mtu."

"Alhamdulillahi," akasema.

Asubuhi, kabla askari hawajafika kutoka Kibondo, Tharsisi alikichunguza kiti. Alikikandamiza kwa mkono, hakuona kitu. Akakipanda, akaketi, akainama kutazama chini. Hapo akaiona shoti aliyoitafuta. Springi ya kiti ilikuwa ikishuka mtu mzito anapoketi, na ncha yake ilikuwa inaikalia waya, inaisaga kidogokidogo kila trekta liliporuka. Yeye alikuwa akijaribu taa kiti kikiwa kitupu. Ilimpasa amwambie Isihaka, kaa hapo hapo usishuke, nikutazame chini. Kazi ya dakika tano.

Uchunguzi ulichukua siku moja. Askari wawili walikuja, pamoja na bwana mmoja wa matrekta aliyevaa suti ya kaki. Bwana huyo aliitoa fyuzi, akaitazama kwenye jua, akaona imekatika. "Umeme ulifanya kazi yake," alisema. "Shoti ingetokea, fyuzi ingekata kabla ya moto. Hii imekata baada ya gamba la waya kuungua. Moto umetoka nje." Akauliza kama dereva anavuta sigara. Kila mtu alijua Isihaka anavuta sigara. Akauliza kuhusu gunia. Watu wakamwambia lilikuwa limelowa dizeli. Akaandika.

Bwana Shamba hakuwahi kuuliza fyuzi ya nne ilitoka wapi usiku ule. Huenda hakujua, huenda alichagua kutojua. Alimwita Tharsisi kwenye mkutano wa kijiji, akamsimamisha mbele, akasema kwamba huyu ameokoa nyumba za Mugombe, na kwamba amekwisha andika barua wilayani ili apewe karatasi za ukaazi. Watu wakapiga makofi. Tharsisi akatazama vidole vyake, ambavyo malengelenge yake yalikuwa yameanza kupasuka.

Wiki ya pili habari ikaja: Isihaka amekatwa mguu. Na akipona atashtakiwa kwa uzembe na kuharibu mali ya umma. Kazini ameachishwa tayari.

Tharsisi alimwambia mkewe usiku ule ule. Alimwambia kila kitu, msumari, fyuzi, maneno aliyomjibu Isihaka. Immakulata alikuwa anachambua maharage gizani kwa kupapasa. Mikono yake ilisimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Immakulata alikuwa na kaka wawili walioitwa tarafani mwezi ule wa tano, na kilichowapeleka kilikuwa karatasi yenye sahihi ya jirani aliyekuwa akila kwao.

"Ukisema, tutapakiwa," alisema mwishowe. "Mimi nina mimba ya miezi mitano. Huko Tabora wanasema watu wanaanza na pori tupu."

"Najua."

"Ukinyamaza, tutapata karatasi."

"Ndiyo."

Alirudia kuchambua. "Kaka zangu waliuawa na karatasi ambayo mtu aliyewajua aliitia sahihi," akasema. "Mimi sitakwambia useme, wala sitakwambia unyamaze, Baba Uwimana. Lakini usiniletee karatasi hiyo nikaiweke sandukuni mwangu."

Tharsisi alikwenda Kasulu Alhamisi. Alimkuta Isihaka kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Mgongo na mapaja vilikuwa vimepakwa dawa ya zambarau. Mkewe, Kuruthumu, alikuwa anampa chai kwa kijiko.

"Fundi!" Isihaka alisema, na uso ukamchangamka kweli. "Mama Uwimana hajambo? Kaa. Kuruthumu, huyu ndiye aliyelisimamisha trekta. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa na roho za watu shingoni." Akashusha sauti. "Wanasema niliangusha sigara. Wallahi, fundi, sikuwa na sigara. Tangu Jumapili hakuna sigara Kibondo nzima, nilikuwa natafuna vijiti. Nimewaambia, wanaandika tu. Wewe ni mtu wa umeme. Nisaidie kufikiri. Moto ule ulitoka wapi?"

Tharsisi hakuketi.

"Ulitoka kwenye waya," alisema. "Fyuzi ziliisha. Niliweka msumari."

Isihaka alimtazama bila kuelewa. Basi akamweleza tena, polepole, tangu maneno ya Bwana Shamba mpaka springi ya kiti, mpaka fyuzi mbovu aliyoipachika baada ya ajali. Kijiko kilikuwa kimesimama mkononi mwa Kuruthumu.

"Nilikuuliza," alisema Isihaka.

"Uliniuliza."

"Nilisema, ni salama? Ukasema ni salama."

"Nilisema hivyo."

"Ungeniambia, fundi." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayehesabu jambo upya. "Ungeniambia ni msumari, ningelima bila zile taa. Au ningekataa, wangenifukuza, ningerudi kwangu kwa miguu yangu. Ungeniambia tu." Kisha akageuza uso ukutani. "Mtoe," akamwambia mkewe.

Kutoka hospitali Tharsisi alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi cha Kasulu mjini. Karani wa zamu alimwambia kesi hiyo ni ya Kibondo, arudi huko. Akarudi Kibondo. Huko walimwacha akae benchi kutwa nzima, kisha wakaandika maneno yake, wakamsomea, akatia sahihi. Alipofika kwenye amri ya Bwana Shamba, mwandishi aliinua kalamu.

"Alikwambia uweke msumari?"

"Hapana. Aliniambia lori la Tabora linapita Alhamisi."

"Hiyo si amri," mwandishi alisema, na hakuiandika.

Ildefonsi aliitwa, akasema yeye si mtu wa umeme na hakujua lolote. Hilo lilikuwa kweli kiasi cha kutosha. Alipotoka ofisini alimpita Tharsisi barazani, akasimama kidogo, kisha akavaa kofia yake akaenda zake. Msimu ule Mugombe ilivuna mahindi ya ekari hamsini na mbili, na yeye akahamishiwa kwingine.

Tharsisi alikaa mahabusu majuma matano. Hawakumpeleka mahakamani. Mkimbizi asiye na karatasi ni rahisi zaidi kumpakia lori kuliko kumfungulia jalada, na asubuhi moja ya mwezi wa kwanza wakamtoa nje, ambapo lori lilikuwa linanguruma na Immakulata amekwisha keti juu ya magunia, tumbo limekuwa kubwa, Uwimana katikati ya magoti yake. Watu wa Mugombe hawakuja kuwaaga. Wale wa kibanda cha kwanza tu ndio waliotuma kikapu cha viazi vitamu.

Lori lilisimama Kasulu kutia mafuta. Mwanamke mmoja alivuka barabara, ameshika ushungi wake dhidi ya vumbi, akaja hadi ubavuni mwa lori. Alikuwa Kuruthumu.

"Nilisikia mnapita leo," alisema. Hakumtazama Tharsisi, alizungumza na Immakulata. "Mashtaka yamefutwa. Wamempa kazi ya kukaa mlangoni kwenye ghala la pamba—hapana, la kahawa, hata sijui. Anasema atajifunza kutembea kwa magongo baada ya mwezi mmoja."

"Mungu ashukuriwe," alisema Immakulata.

Tharsisi aliinama kutoka juu. "Shemeji," alisema. "Amesema neno lolote? Juu yangu?"

Kuruthumu ndipo alipoinua macho. Hayakuwa macho mabaya. Yalikuwa yamechoka.

"Nilimwuliza kama nije kuwaona. Akasema, nenda. Nikamwuliza nimwambie nini fundi. Akasema nisimwulize hilo tena."

Akampa Immakulata kifurushi cha gazeti chenye chumvi na kipande cha sabuni, akavuka barabara kurudi kwake. Dereva wa lori akapiga honi. Tharsisi akamsogeza mtoto ili mkewe apate pa kuegemea, akashika ukingo wa bodi kwa mkono ule uliobaki na kovu kwenye ncha za vidole, na lori likaingia njia ya mashariki.